Rafiki Asiyeahidi: Kuzisoma Riwaya Mbili za Kezilahabi kwa Ajili ya Malezi ya Wanafunzi Mkoani Mara

Marehemu Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, ni jirani yetu sisi watu wa Mara kuliko wengi wetu tunavyokiri. Anayetoka Musoma, akapita Bunda na kushika njia ya Kisorya, hufika penye kivuko, na ng'ambo ya maji ndicho kisiwa kilichomlea mwandishi huyu. Kijita husemwa pande zote mbili za maji hayo. Baba wa Namagondo na baba wa Majita hawatofautiani sana katika namna wanavyowalinda binti zao. Kwa hiyo hatuoni ugeni wowote kuzisoma riwaya zake mbili za kwanza, Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), kana kwamba ziliandikwa kwa ajili ya sharika zetu.

Hatuzisomi kwa ajili ya fasihi peke yake. Wachungaji wanaohudumia wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Bunda, wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare pale Musoma, wa vyuo vya uuguzi, na sasa wa Butiama ambako taifa limeweka chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu, wanakutana na jambo ambalo mafundisho yetu hayana jina lake. Mvulana na msichana ni marafiki. Wanasoma pamoja, wanapika pamoja, wanakopeshana fedha mwisho wa muhula. Tena hulala pamoja, pasipo uchumba, pasipo ahadi, pasipo malipo, na kila mmoja akijua kwamba mwenzake hakuahidi kitu. Mchungaji akiuliza, "Huyu ni nani kwako?" hujibiwa, "Rafiki tu." Tunaomba msomaji alitazame neno hilo "tu", maana makala haya yote yanalihusu.

Kanisa letu lina masanduku mawili ya kuwekea habari za namna hii. La kwanza ni uchumba, ambao una washenga, barua, mahari na tangazo kanisani. La pili ni uasherati, ambao una kikao cha wazee, kutengwa na Meza ya Bwana, na baadaye kurudishwa kundini. Kijana anayesema "rafiki tu" haingii katika sanduku la kwanza kwa kuwa hakuna neno lililosemwa. Katika la pili huingia siku moja tu, siku msichana anapoonekana ana mimba. Hapo hutengwa msichana. Mvulana, ambaye tumbo lake halionyeshi kitu, huendelea kupiga gitaa katika kwaya ya vijana na kupokea Sakramenti, hasa kama yuko chuo kingine na usharika mwingine. Hatusemi kwamba ndivyo kanuni zilivyoandikwa. Kanuni huwataja wote wawili. Twasema ndivyo inavyotendeka mara nyingi mno. Nao vijana, ambao si wajinga, wamejifunza katika utendaji huo fundisho ambalo hakuna mchungaji aliyelihubiri kamwe: kwamba dhambi isiyo na tumbo haina kesi.

Kezilahabi aliliona jambo hili akiwa bado kijana, naye alipolisema katika Rosa Mistika kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda kabla ya kukubaliwa na hata kufundishwa. Wapo watumishi wa Mungu ambao hadi leo hukitaja kama kitabu cha matusi. Tunadhani hawakukisoma mpaka mwisho. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi aliye mkali juu ya jambo moja tu, nalo ni kwamba binti asiwe na neno lolote na mvulana. Barua ya Charles inapogunduliwa, Rosa anapigwa vibaya sana. Lililopigwa hapo, tukiangalia vizuri, ni barua. Kijana alikuwa amejaribu kusema neno kwa maandishi, neno ambalo lingeweza kujibiwa, kukataliwa, kupelekwa kwa wazazi au kukua likawa ahadi. Zakaria hakubagua kati ya neno na tendo. Alilinda mwili wa binti yake kwa kuua maneno.

Matokeo yake yanafuatana kwa namna ambayo mlezi yeyote wa vijana ataitambua. Rosa anakwenda shule ya wasichana Mwanza akiwaogopa wanaume, kisha anawaendea pasipo kipimo, na huko Morogoro chuoni maisha yake yanaharibika zaidi. Wasomaji wengi husema kwamba alifunguliwa ghafula akapotea, kama ndama aliyevunja zizi. Sisi tunasoma zaidi ya hapo. Rosa hakufundishwa kamwe namna ya kuzungumza na mwanamume. Alifundishwa kumkimbia, na alipochoka kukimbia hakuwa na lugha nyingine isipokuwa kujitoa. Kati ya kumkimbia mtu na kulala naye upo uwanja mpana sana, uwanja wa mazungumzo, wa utani wenye heshima, wa kazi ya pamoja, wa kumjua mtu polepole. Uwanja huo ndio unaoitwa urafiki. Zakaria aliuziba, na kwa kuwa haukulimwa, ukaota magugu.

Je, sisi tumefanya vingine? Kijana aliyelelewa katika UKWATA huko sekondari amesikia mara nyingi kwamba wavulana wakae upande huu na wasichana upande ule. Yafaa. Lakini amesikia mara ngapi fundisho juu ya urafiki wa mvulana na msichana kama kitu chema, chenye kanuni zake, kinachoweza kudumu miaka arobaini pasipo kitanda? Ndugu zetu wa Uamsho, uliofika Mara kwa nguvu katika miaka ya 1940 kupitia Wamennonite wa Shirati, walikuwa na jibu: waliitana kaka na dada, wakatembea nuruni, wakaungamana mbele ya wote. Maungamo yale yalikuwa na hatari zake, nasi hatutamani kuyarudisha yote. Hata hivyo walimpa kijana njia ya kumkaribia msichana ambayo haikuwa uchumba wala dhambi.

Katika Kichwamaji jambo hili linakwenda mbali zaidi, na kwa maoni yetu hiki ndicho kitabu kinachowahusu hasa wanafunzi wa leo. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Manase ni rafiki yake. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na msichana yule anafariki. Kazimoto anakusudia kulipa kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, na badala yake anaishia kumwoa. Mwisho wa Kazimoto ni kujiua. Wahakiki wamezoea kukitazama kitabu hiki kama riwaya ya falsafa ya mtu asiyeona maana ya maisha, wakamtaja Camus na wenzake wa Ulaya. Hatulikatai jambo hilo. Lakini kabla Kazimoto hajakata tamaa juu ya Mungu na juu ya maisha, alikuwa amekata tamaa juu ya rafiki. Mwili wa msichana umekuwa uwanja ambamo marafiki wawili wanafikishiana ujumbe. Hakuna aliyeahidi kitu, kwa hiyo hakuna awezaye kudai kitu kwa maneno. Kinachobaki ni kisasi.

Hapa lazima tuwasikilize wanafunzi wenyewe, maana wana hoja, tena ina nguvu kuliko tunavyopenda kukubali. Wanasema: Sisi hatudanganyani. Aliyeharibu wasichana wa zamani ni yule aliyeahidi ndoa akakimbia; sisi hatuahidi, basi hatukimbii. Wanasema pia: Mnatuonea sisi tulio sawa kwa umri na kwa hali, mkinyamaza juu ya mtu mzima mwenye gari anayemngoja msichana nje ya lango la hosteli, na juu ya mwalimu anayeuza alama kwa mwili, jambo ambalo sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 imelitaja wazi kuwa kosa la jinai. Ikiwa hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyelipwa na hakuna aliyedanganywa, dhambi iko wapi?

Mchungaji anayejibu hoja hii kwa kusema tu kwamba ni uasherati, amesema kweli, lakini hajajibu. Luther alikutana na wanafunzi. Wittenberg ulikuwa mji wa chuo kikuu, na mwaka 1544, akiwa mzee, alihubiri kwa hasira dhidi ya uchumba wa siri uliokuwa umeenea kati ya wanafunzi wake. Tayari mwaka 1530 alikuwa ameandika juu ya mambo ya ndoa, akishikilia kwamba ndoa ni jambo la hadharani, na kwamba neno lililosemwa gizani kati ya watu wawili lisishinde neno lililosemwa mbele ya mashahidi. Mtu angeweza kudhani kwamba Luther anawaunga mkono vijana wetu: bora kutoahidi kuliko kuahidi kwa siri. Lakini tukitazama sababu yake tunaona kinyume. Luther hakuogopa ahadi. Aliogopa ahadi isiyo na shahidi, kwa sababu katika giza aliye dhaifu hana pa kwenda kudai haki yake. Sasa, ikiwa ahadi ya siri ilimwacha msichana wa Wittenberg bila mtetezi, je, tendo la siri lisilo na ahadi kabisa linamwacha wapi msichana wa Bunda? Mwenzake wa Wittenberg angalau alikuwa na neno la kumkumbusha mwenzi wake. Huyu wetu akishika mimba, au akiambukizwa, au akigundua moyoni kwamba anapenda, huambiwa, "Tulikubaliana." Naye hawezi kujibu, maana ni kweli walikubaliana.

Hii ndiyo kasoro ya hoja ya usawa. Wanaingia wawili sawasawa, hawatoki sawasawa. Tena mkataba wao una sharti moja lisilosemwa, kwamba asipende mtu, na atakayependa kwanza ndiye atakayekuwa amevunja mkataba. Sharti gani hili, ambalo linamfanya mwenye upendo kuwa mkosaji?

Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 6 alikabili hoja iliyofanana na hii. Wakorintho walilinganisha tumbo na chakula, wakataka kuuweka mwili wote katika ulinganifu huo: ni njaa, nayo hushibishwa. Jibu la Paulo ni la ajabu kwa sababu alichagua mfano wa kahaba, yaani mtu ambaye hakika hakuna ahadi kati yake na mteja wake. Hata huko, asema Mtume, wawili huwa mwili mmoja. Hakusema kwamba huwa hivyo wakikusudia. Mwili unaahidi hata pale ambapo kinywa kimekataa kuahidi. Basi anayelala na rafiki na kusema "rafiki tu" ametoa maneno mawili yanayopingana, moja kwa mwili na moja kwa kinywa, na rafiki yake hajui alisadiki lipi.

Katika 2 Samweli 13 Tamari anajua jambo hili kuliko wanaume wote wa habari ile. Tunajua kwamba habari hiyo ni ya kubakwa, wala hatutaki kuichanganya na makubaliano ya wanafunzi. Lakini anachokiomba Tamari ni kwamba neno lisemwe kwa mfalme, jambo liwe wazi, apate pa kusimama. Aliyemshauri Amnoni kinyume cha hayo alikuwa rafiki yake, Yonadabu, ambaye Maandiko humwita mtu mwerevu sana. Urafiki unaweza kufanya hivyo pia.

Wahubiri wetu huanza na amri ya sita kana kwamba ni uzio peke yake. Inafaa tukumbuke kwamba katika Katekisimo Ndogo, ambayo kila mtoto wa kipaimara huikariri, maelezo ya amri zinazohusu jirani hutaja kwanza yale tusiyopaswa kutenda, kisha yale tunayopaswa. Amri ya sita peke yake kati ya zile zinazoanza na katazo la kumdhuru jirani imeelezwa bila katazo hata moja: Luther anataja usafi wa maneno na matendo, na upendo na heshima ya kila mmoja kwa mwenzi wake. Sijui, tungependa kumwambia mwalimu wa kipaimara, kama umewahi kuwaonyesha watoto jambo hilo. Maneno yametajwa pamoja na matendo. Zakaria alipoyaua maneno, aliivunja amri ileile aliyodhani anailinda.

Wako wenzetu wanaotumaini kwamba elimu ya afya italimaliza tatizo. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini, huko Kagera, mwaka 1983, kanisa limefanya semina nyingi, na mema yake hayakanushiki. Lakini mkoa wa jirani umetupa somo. Mradi wa Mema kwa Vijana, ulioanza Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulilinganisha jamii 10 zilizopewa mafundisho na huduma na jamii 10 zisizopewa. Waliofundishwa walijua zaidi na walieleza mwenendo bora zaidi. Vipimo vya damu, hata hivyo, havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU yamepungua. Mwanafunzi wa uuguzi anayesema "rafiki tu" anajua habari za virusi kuliko mchungaji wake. Si maarifa aliyoyakosa.

Wengine watatuelekeza nyumbani, kwenye mila. Marehemu Padre Laurenti Magesa wa Jimbo la Musoma, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya dini ya Kiafrika na maadili yake, alifundisha kwamba tendo jema ni lile linalokuza uhai wa jamii, na kwamba mwili wa mtu haukuwa mali yake peke yake. Tunamshukuru. Hata desturi ya nyumba ntobhu, ambayo wageni huishangaa, yathibitisha hoja yake: mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa msichana kwa ng'ombe, na mwanamume anayezaa naye hana dai juu ya watoto. Hapo tunamkuta "rafiki tu" wa kale, lakini nyumba yenyewe inajulikana, ng'ombe wamehesabiwa, na mtoto ana jina la kuitwa. Hakuna anayeachwa nje usiku. Ila tusiipambe mila kupita kiasi. Msichana aliyehesabiwa kwa ng'ombe hakuulizwa, na wale wanaokimbilia nyumba salama za Butiama na Mugumu msimu wa ukeketaji unapokaribia wanawakimbia watu wa nyumba zao wenyewe. Luther aliwaonya wazazi mwaka 1524 kwamba wasimlazimishe mtoto kuoa au kuolewa, wala wasimzuie. Mara tumewahubiria vijana nusu ya pili ya habari za wazazi, kwamba watiiwe, na nusu hii ya kwanza tumeiacha kabatini.

Turudi kwa Kezilahabi, maana hatukubaliani naye katika kila jambo. Riwaya zake zinajua kushitaki kuliko kuponya. Rosa anajiua baada ya Charles kumwacha kwa kuwa hakumkuta bikira, na mwandishi anaipeleka kesi ya baba na binti mbele ya Mungu, ng'ambo ya kaburi. Ni sura ya ujasiri. Lakini inatuuma kwamba kesi hiyo yasikilizwa huko peke yake. Upande huu wa kaburi kuna viboko, umbeya, kicheko na ukimya. Hakuna anayeketi na Rosa akamsikiliza hadi mwisho. Katika Kichwamaji vilevile Rukia hufa, na kifo chake ni hatua katika mawazo ya Kazimoto. Mwandishi anayewatetea wasichana hivi amewafanya walipe kwa miili yao ili wanaume wapate kufikiri. Tungemlaumu zaidi kama vikao vyetu vya wazee visingekuwa vimeandika hadithi ileile mara nyingi kuliko yeye. Serikali yenyewe, iliyokuwa ikiwafukuza shuleni wasichana wenye mimba, iliruhusu Novemba 2021 warudi masomoni baada ya kujifungua. Msichana huyohuyo aweza sasa kurudi darasani Jumatatu, na Jumapili akabaki kwenye benchi la nyuma wengine wakienda madhabahuni.

Hatupendekezi kuondoa marudi ya kanisa. Pasipo marudi neema huwa bei rahisi. Tunapendekeza swali la kwanza libadilike. Badala ya kuuliza kama wamelala pamoja, ambalo hujibiwa kwa uongo au kwa tumbo, mchungaji na aulize: Mmeambiana nini, na ni nani mwingine anayejua? Swali hili huwafikia wote wawili, mwenye mimba na asiye nayo. Humfikia mvulana pale alipo, kwa sababu yeye naye ana kinywa. Huwafikia hata wale ambao bado hawajatenda lolote, nao ni wengi kuliko tunavyodhani, waliokaa kimya kwa hofu ya kuonekana washamba. Na halihitaji ushahidi wa majirani. Ikiwa jibu ni kwamba hawakuambiana kitu na hakuna anayejua, basi mazungumzo yamepata pa kuanzia, na yanaweza kuishia kwenye ahadi ya wazi, au kwenye kuachana kwa heshima, au kwenye urafiki wa kweli usio na kitanda. Yote matatu yahitaji toba. Hakuna hata moja linalohitaji kumwaibisha mmoja na kumficha mwingine.

Kwa vyuo vyetu vya theolojia tuna ombi dogo. Riwaya hizi mbili ziwekwe katika somo la huduma ya kichungaji, pamoja na maandiko ya Luther tuliyoyataja, na wanafunzi wazisome kabla hawajakabidhiwa usharika wenye chuo jirani. Tunashauri waanze na Kichwamaji. Wengi wa wanafunzi wetu bado ni wanaume, na ni rahisi mno kwao kumhukumu Rosa kabla hawajakutana na Kazimoto.